Fleti ya zamani na fleti mpya, ukubwa ule ule: vyumba vimekwenda wapi?

Swali: Mimi na mume wangu tunatafuta fleti ya kununua. Tumebakiwa na mbili, na zote zimeandikwa mita za mraba 70. Ya kwanza imo katika jengo la miaka ya 1930: dari iko juu, korido ni ndefu, kila chumba kina mlango wake, jiko dogo liko kule nyuma na bafu ni moja. Ya pili ni mpya: ukifungua mlango tu umeshakanyaga sebuleni, jiko limo humo humo, vyumba viwili vya kulala ni vidogo, ila mabafu ni mawili. Mume wangu anasema wajenzi wa siku hizi wanabana vyumba kwa tamaa. Mimi nauliza: kama mita ni zile zile, zimekwenda wapi? Na kwa nini fleti zimebadilika hivi?

Jibu: Dada, mumeo kapatia nusu, nawe umepatia nusu, kwa hiyo msinuniane. Mita hazipotei, zinahama. Hutoka chumba kimoja zikaingia kingine, na kila zinapohama huwa zinamfuata mtu: anayepika, anayetumwa, anayepokea wageni, anayetaka kulala peke yake.

Tuanze na korido. Kwa jinsi ulivyoieleza, tuseme ina upana wa mita 1.3 na urefu wa mita 8. Hizo ni mita za mraba 10 na ushee, karibu sehemu moja kati ya saba ya nyumba mnayotaka kuilipia, na hakuna anayekaa humo. Fleti mpya imeifuta. Mita tatu na nusu hivi zimekuwa bafu la pili, nyingine zimemezwa na sebule. Hata hivyo sebule haionekani kubwa kihivyo, kwa sababu sasa nayo ni njia. Anayetoka chumbani kwenda jikoni anapita mbele ya televisheni, na kochi haliwezi kukaa popote mnapotaka kwa kuwa litaziba mlango wa mtu. Korido ipo bado, imelala chini ya zulia.

Iliwekwa kwa nini tangu mwanzo? Katika majumba ya wakubwa wa Ulaya ya zamani vyumba vilifungukiana, mlango ukitazamana na mlango, hivyo kwenda chumba cha tano ulipita katika vinne vya mwanzo, awe amelala mtu humo au la. Korido ilikuja kuyakata mazoea hayo, mtumishi aweze kupita na ndoo yake bila kukutana na mgeni. Ukitaka kuiona ikiwa imekomaa, tazama fleti za Paris zilizojengwa enzi za Haussmann, mkuu aliyesimamia kujengwa upya kwa jiji kati ya 1853 na 1870, jiji lilipobomolewa na kupasuliwa barabara pana. Upande wa barabarani kuna sebule na chumba cha kulia, pengine na sebule ndogo ya pili, vyote vimepangwa kwa mstari na bado vinafungukiana, maana huko ndiko kwa kutazamwa. Vyumba vingi vya kulala vimetupiwa upande wa uani. Mwisho kabisa wa korido, mbali na wageni kadiri ilivyowezekana, kuna jiko, na kando ya jiko kuna mlango wa ngazi ya pili, nyembamba, inayopanda hadi chini ya paa walikolala watumishi. Familia moja, ngazi mbili. Ramani ya namna hiyo hukuonyesha nani alitakiwa aonekane na nani afichwe, hata kama wenyewe wamekufa zamani.

Fleti yenu ya miaka ya 1930 ni mjukuu wa ramani hizo. Wakati huo watumishi wa kulala walikuwa wamepungua sana katika nyumba za watu wa kipato cha kati, lakini wasanifu waliendelea kuchora kama walivyofunzwa: mbele pa heshima, nyuma pa kazi, korido katikati. Ndiyo maana jiko lenu liko nyuma na ni dogo. Halikukusudiwa mwenye nyumba akae humo.

Ila mumeo asije akadhani kwamba zamani watu waliishi kwenye nafasi na sisi tumebanwa. Fleti za zamani tunazozisifu leo ndizo zilizosalimika. Mbovu zimebomolewa, au mbili zimevunjwa ukuta zikawa moja, kwa hiyo tunalinganisha wastani wa leo na washindi wa jana. New York ya karne ya 19, kiwanja cha kawaida kilikuwa futi 25 kwa 100, yaani mita 7.6 kwa 30. Mwenye kiwanja alijenga karibu chote, vyumba vikafuatana kama mabehewa, na ni vya mbele na vya nyuma tu vilivyokuwa na madirisha ya maana. Sheria ya 1867 ilidai choo kimoja kwa kila watu 20, na hiyo ilihesabiwa kuwa ni nafuu. Mwaka 1879 ikadaiwa kila chumba kiwe na dirisha. Wajenzi wakaitii kwa kulibana jengo kiunoni, wakaacha uwazi mwembamba kati yake na la jirani, na madirisha yakafunguka humo. Uwazi huo ukawa jalala, na moto ulipozuka ukapanda nao kama bomba la moshi. Ilibidi ije sheria ya 1901 kukataza majengo ya aina hiyo, kudai choo ndani ya kila fleti, na kuweka kima cha chini: angalau chumba kimoja kiwe na futi za mraba 120, kama mita 11, na vingine visipungue futi 70, yaani mita 6.5.

Berlin nako kulikuwa na vyake. Kanuni za ujenzi za 1853 ziliruhusu ua wa ndani wa mita 5.34 kwa 5.34, kipimo kilichotokana na nafasi ya kugeuzia pampu ya zimamoto. Jua halikuulizwa. Ukizunguka ua huo, pale jengo la mbele linapokutana na ubavu wake, kunapatikana kile ambacho mpaka leo kinaitwa chumba cha Kiberlin: chumba kikubwa, kirefu, chenye dirisha moja tu lililosukumiwa kwenye kona. Ukikipima kwa mita kinavutia. Ukiingia humo saa sita mchana unatafuta swichi.

Sasa jiko, maana hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Mwaka 1926 jiji la Frankfurt lilikuwa linajenga nyumba za watu wa kipato cha chini kwa maelfu, chini ya msanifu Ernst May. Katika kikosi chake alikuwamo mwanamke mmoja kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, aliyepewa kazi ya jiko. Alilichora kwa upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, mita za mraba 6.5 hivi, akiiga majiko ya mabehewa ya chakula kwenye treni na akihesabu hatua za mpishi kama wenye viwanda walivyohesabu hatua za mfanyakazi. Meza ya kazi chini ya dirisha, kiti cha kuzunguka mbele yake. Taa inayoteleza kwenye reli darini. Ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani. Safu ya vidroo vya alumini vyenye mdomo wa kumiminia, kila kimoja na jina la kilichomo. Na mlango mpana wa kusukuma kando, ili mama akiwa jikoni awaone watoto sebuleni. Yalifungwa majiko ya aina hiyo kama 10,000, na karibu kila jiko lililojengewa makabati tangu hapo ni kizazi chake. (Mwenyewe alikiri baadaye kwamba alipolichora hakuwa mtu wa kupika. Najua wapishi ambao husema hilo linaonekana.)

Jiko hilo lilisifiwa na kulaumiwa kwa sababu ile ile: mtu mmoja tu ndiye anayeenea. Lilimwokoa mwanamke na uchovu, halafu likamfungia peke yake. Wakati huo huo manispaa ya Vienna ilikuwa inajenga fleti zake za kwanza za mita za mraba 38 na 48, na nyingi zilibaki na mtindo wa zamani wa wafanyakazi: chumba kimoja kikubwa cha kupikia, kula na kukaa. Kwa hiyo jiko la wazi ulilolikuta kwenye fleti mpya si uvumbuzi. Ni chumba cha maskini kilichorudi na meza ya mawe ya kung'aa.

Kwingine jiko lilipita njia nyingine. Katika miji ya Urusi ya Kisovieti familia kadhaa ziligawana fleti moja kubwa ya tajiri wa zamani, kila familia na chumba chake, jiko la wote. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, chini ya kiongozi wa nchi, Khrushchev, yakamiminwa majengo ya ghorofa tano yasiyo na lifti, dari ya mita 2.5 hivi, jiko la mita za mraba tano au sita, na vyumba ambavyo mara nyingi ulipita katika kimoja kuingia kingine. Leo fleti hizo zinachekwa. Kwa familia iliyotoka kugombania jiko na wapangaji wengine wanne, kuwa na mlango wake wa mbele kulikuwa ni ukubwa ambao hakuna tepu inayoupima. Japani, nako, ilitoa mwaka 1951 ramani ya mfano iliyoitwa 51C. Wataalamu walikuwa wamechunguza nyumba ndogo wakaona kwamba hata penye dhiki watu hupenda kutenganisha pa kula na pa kulala, hivyo wakalipanua jiko kidogo liingie meza. Mpaka leo matangazo ya nyumba huko huandikwa 2DK au 3LDK: idadi ya vyumba, kisha herufi za sebule, pa kulia na jiko. Kabila zima la fleti linaitwa kwa jinsi lilivyolipanga jiko.

Basi ukuta wa jiko uliangukaje? Sababu inayotajwa kwenye matangazo ni familia kukaa pamoja, na ina ukweli wake: anayepika siku hizi ndiye mwenye nyumba, na hataki kukosa mazungumzo. Gesi na umeme vimeondoa moshi wa makaa, feni ya kuvuta hewa imepunguza harufu, friji imeua chumba cha baridi cha kuhifadhia vyakula. Lakini iko sababu ambayo matangazo hayaitaji, nayo ni dirisha.

Katika jengo la fleti, kitu cha gharama ni ukuta wa nje. Kila mita ya uso wa jengo inataka vioo, kinga ya mvua, kinga ya joto na baridi. Mjenzi anayetaka kupunguza gharama hulifanya jengo kuwa nene: korido ya pamoja katikati, fleti kushoto na kulia, kila fleti ina madirisha upande mmoja tu. Marekani na Kanada jambo hili limezidi kwa sababu kanuni za moto hudai ngazi mbili kwa majengo mengi ya ghorofa, na njia nyepesi ya kuifikisha kila fleti kwenye ngazi mbili ni hiyo korido ya katikati. Sasa weka vyumba ndani ya fleti ya namna hiyo. Dirishani wanaenea wawili au watatu: sebule na vyumba vya kulala. Jiko likidai dirisha lake, chumba kimoja kinakosa. Likiingizwa sebuleni linaazima la sebule, na tatizo limekwisha. Mabafu nayo yanarudishwa ndani kabisa, yanaishi kwa feni na taa. Bila umeme fleti yenu mpya isingekuwepo kwa umbo hilo, na ukitaka kuhakikisha ombeni siku umeme umekatika mkaione.

Si lazima iwe hivyo. Jengo la msanifu Le Corbusier kule Marseille, Ufaransa, lililokamilika 1952 likiwa na fleti 337, lina kina cha mita 24, nalo ni nene kweli. Lakini korido ya pamoja imewekwa kila baada ya ghorofa mbili, hivyo fleti inapita juu au chini ya korido na kutokeza pande zote mbili. Hewa inaingia huku inatokea kule. Alilipia kwingine: dari ya kawaida humo ni mita 2.26, na chumba cha mtoto kina upana wa mita 1.83 tu. Viwili vimekaa bega kwa bega, katikati mlango wa kuteleza ambao ni ubao wa kuandikia chaki. Mimi mrefu kiasi, na dari ya mita 2.26 naigusa nikiinua mkono.

Tukitaja dari, hapo mumeo ana hoja isiyo na nusu. Zimeshuka kweli. Sheria ile ya New York ya 1901 ilitaka futi 9, mita 2.74, kwa vyumba vya watu wa chini. Fleti za matajiri zilivuka mita 3 bila wasiwasi. Leo kiwango cha England ni mita 2.3 kwa angalau robo tatu ya eneo. Urefu wa zamani haukuwa urembo mtupu. Taa za gesi na moto wa makaa vilikula hewa na kutoa masizi, na madaktari waliamini kwamba hewa iliyotulia ndiyo inayoleta maradhi, kwa hiyo chumba kilihesabiwa kwa ujazo. Halafu kuna mwanga: kwa kukadiria, mwanga wa maana huingia ndani mara mbili hadi mara mbili na nusu ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Dirisha linaloishia mita 2.8 litaangaza hadi mita sita au saba ndani. Linaloishia mita 2.2 litachoka kabla ya mita tano na nusu. Dari ikishushwa, kina cha chumba kilipaswa kupungua nayo. Kimeongezeka. Mjenzi naye ana hesabu yake: akipunguza sentimita 30 kila ghorofa, jengo la ghorofa kumi linampa ghorofa ya kumi na moja ya bure.

Lifti nayo ilipindua mambo. Roma ya kale, ambako Kaizari Augustus aliweka kikomo cha futi 70 kwa majengo mapya ya barabarani, aliyekaa juu ni aliyeshindwa kulipia chini. Paris vivyo hivyo: tajiri ghorofa ya pili, mtumishi chini ya paa. Lifti ya abiria yenye breki ya mvumbuzi Elisha Otis ilianza kazi New York mwaka 1857, na taratibu fleti ya juu ikawa ndiyo ya kuringia. Ndiyo maana katika majengo ya kabla ya lifti dari hushuka kadiri unavyopanda, na katika mapya zote ni sawa.

Kuhusu vyumba vya kulala nitakupa kisa kimoja ambacho kitakufurahisha, kwa sababu kina namba yenu ndani yake. Mwaka 1961 kamati ya Parker Morris nchini Uingereza ilitoa ripoti ya viwango vya nyumba. Badala ya kuamuru ukubwa wa kila chumba, iliuliza maswali ya kawaida kabisa: humu kutakuwa na samani gani, na mtu anahitaji nafasi kiasi gani kuzitumia? Kitanda, na nafasi ya kukitandika. Kabati, na nafasi ya kufungua mlango wake ukiwa umesimama. Wakajumlisha, na kwa fleti ya watu wanne wakapata mita za mraba 70, stoo ukiiweka kando. Viwango hivyo vikawa vya lazima kwa nyumba za umma mwishoni mwa miaka ya 1960, vikafutwa 1980, ukubwa ukaachiwa soko. England ilipoandika kiwango kipya mwaka 2015, fleti ya ghorofa moja yenye vyumba viwili vya kulala kwa watu wanne ilipewa mita ngapi? 70, stoo ikiwa ndani. Miaka 54 imepita, vitanda havijapungua.

Kiwango hicho cha 2015 kinataka chumba cha watu wawili kiwe na mita za mraba 11.5 na upana wa mita 2.75. Weka humo kitanda cha mita 1.5 kwa 2: kila upande unabakiwa na sentimita 62, mtu anapita bila kukaa ubavu. Sasa chukua chumba cha mita 2.4 kwa 3.2, ambacho ndicho nakiona zaidi kwenye ramani za mauzo. Pembeni zinabaki sentimita 45. Mbele ya kitanda inabaki mita 1.2, toa kabati la sentimita 60, zinabaki 60. Mlango wa kabati ukifunguka unakula 50. Utachagua nguo ukiwa umesimama juu ya godoro. Nami nimeshakuta ramani ya mauzo ambayo kitanda "cha wawili" kilichorwa kwa upana wa mita 1.2 ili chumba kionekane kina nafasi. Kalamu haina aibu.

Kwa hiyo tamaa ipo. Inaingia pale fleti inapouzwa kwa idadi ya vyumba na mabafu badala ya ubora wake, maana mnunuzi anaulizia "vyumba viwili, mabafu mawili" kabla ya kuuliza lingine lolote, na hasa pale kima cha chini kinapoondolewa. New York iliweka mwaka 1987 kikomo cha futi za mraba 400, mita 37 hivi, kisha ikakilegeza 2016, mwaka ule ule jengo la Carmel Place lilipofunguliwa na fleti za futi 260 hadi 360. Lakini tazama na upande wa pili. Marekani kaya moja ilikuwa na watu 4.6 kwa wastani mwaka 1900. Leo ni kama 2.5. Fleti ya mita 70 iliyolaza watu sita mwaka 1935 leo inawalaza ninyi wawili. Kwa kila kichwa mna nafasi ambayo wapangaji wa kwanza wa jengo lile wangeidhania kuwa ni ya mabalozi.

Nikirudi kwenye uamuzi wenu. Kwanza ulizeni mita 70 zimepimwaje. Wengine hupima kutoka ukuta hadi ukuta kwa ndani, wengine huhesabu na unene wa kuta, wengine huingiza roshani na hata sehemu ya ngazi za pamoja. Jengo la miaka ya 1930 lina kuta nene, hivyo kama lilipimwa kwa nje linaweza kuwa na mita 63 za kukanyaga. Nendeni na tepu yenu wenyewe.

Pili, jueni kipi kinabadilika. Katika fleti ya zamani mtu atakushawishi kwamba ukuta kati ya jiko na chumba cha jirani unavunjika kirahisi. Huenda ni kweli, huenda ndio unaobeba ghorofa ya juu. Mwiteni mhandisi kabla ya fundi. Katika fleti mpya mara nyingi nguzo za zege ndizo zinazobeba, kuta za ndani ni nyepesi na zinaondoka kwa siku moja. Ila choo na sinki hazisogei mbali na bomba kuu la maji taka. Bafu la pili mkilijutia, kulifanya stoo ni rahisi kuliko kulifanya chumba.

Mimi ningekuwa ninyi, na kama mmoja wenu anafanya kazi nyumbani, ningechukua ya zamani. Milango inayofungwa ina thamani ambayo fleti ya wazi haiwezi kuirudisha: mmoja anaongea na simu, mwingine analala, wa tatu anakaanga, na hakuna anayemkera mwenzake. Mkiwa na watoto wadogo wa kutupia jicho huku mnapika, Schütte-Lihotzky aliliona hilo na mlango wake mpana, na ramani mpya inawafaa. Wakifika miaka kumi na minne mtaitafuta korido.

Kabla ya kusaini, iendeeni ile mpya mchana, ombeni taa zote zizimwe na feni zifungwe. Mumeo asimame penye sinki, wewe ukae chumba cha kulala cha mwisho na mlango wazi, mkae hivyo nusu saa mkizungumza kwa sauti ya kawaida. Halafu fanyeni vivyo hivyo kule kwenye ya zamani.